"Wati moja kwa lita moja": kanuni isiyojua baridi ya Kolwezi

Sentensi moja inazunguka sana katika magrupu yetu ya WhatsApp: ukitaka shofaji ya akwariamu, hesabu wati moja kwa kila lita ya maji. Lita 100, wati 100, kazi imekwisha. Inaandikwa kwenye katoni za shofaji, inarudiwa katika miongozo ya kufuga kobe wa maji nyumbani, na sasa naiona mpaka ndani ya miradi ya wadogo zetu wanaotaka kuzalisha vifaranga vya kambale. Kwa kuwa nina lisansi ya agronomia, swali linafika kwangu likiwa fupi kabisa: "Yaya, wati ngapi?" Muntu anangoja namba tu, kama vile anauliza bei ya mkate.

Mimi nataka kuikosoa hiyo namba. Si kwa ajili ya kubishana. Mwezi wa sita ukifika, namba hiyo itaua wanyama na kula mafranga ya watu ambao hawana mafranga ya kupoteza.

Tuanze kwa haki. Kanuni yenyewe si uongo. Inafanya kazi pale ilipozaliwa: nyumba ya Ulaya au Marekani, ambamo chumba kina digrii 20 usiku na mchana kwa sababu nyumba nzima inapashwa joto, na ambamo umeme hauondoki. Shofaji ya pale ina kazi ndogo, ya kuongeza digrii tano au sita juu ya hewa ya chumba. Kwa hiyo sentensi kamili ingekuwa: wati moja kwa lita moja, ikiwa chumba chako kina digrii 20 na umeme uko masaa 24. Kile kipande cha pili kimeanguka njiani kabla ya kufika kwetu. Sisi tumepokea namba bila masharti yake, na tunaipitisha hivyohivyo.

Sasa tutazame Kolwezi. Watu wanasema "Afrika ni joto", na wengine wetu tunarudia hivyo wakati tuko na makoti mwilini. Mji wetu uko juu ya mita 1,400 kutoka usawa wa bahari. Mwezi wa sita na wa saba anga halina wingu, joto la mchana linapanda juu usiku na kupotea, na kabla ya jua kutoka hewa ya nje inafika digrii 10 hivi, siku nyingine chini yake. Nyumba nyingi zetu zina bati bila dari, kwa hiyo chumba kinafuata nje. Kwangu, Manika, saa kumi na moja ya asubuhi katikati ya mwezi wa saba, kipima joto kilionyesha 14 ndani ya chumba chenye mlango uliofungwa. Chukueni hiyo 14, tutaihitaji.

Akwariamu ya kioo ya lita 100, bila mfuniko, inapoteza joto kwa pande zote, na zaidi kwa juu, ambako maji yanageuka mvuke. Nimefanya makadirio, nikapata wati 10 hivi kwa kila digrii ya tofauti kati ya maji na hewa. Si namba ya maabara, lakini inatosha kuona picha. Chumba kikiwa na 20 na wewe unataka 26, tofauti ni 6, unahitaji wati 60. Shofaji ya 100 inafanya, inapumzika, inafanya tena. Kanuni imeshinda. Lakini chumba kikiwa na 14, tofauti ni 12, unahitaji wati 120. Shofaji ya 100 itafanya kazi usiku kucha bila kupumzika hata dakika moja na maji hayatapita 24.

Utasema, 24 si mbaya. Kweli. Ila bado hatujazungumza juu ya umeme.

Shofaji ni waya unaopata moto, basi. Nguvu yake inafuata volti zikizidishwa kwa zenyewe. Iliyoandikwa wati 100 kwa volti 220, ukiipa volti 180, inabaki na wati 67. Ukiipa 160, ni 53 tu. Na ni nani kati yetu hajui zile jioni ambapo kila nyumba imewasha jiko na balbu inakuwa nyekundu kama kaa la makala? Katika masaa hayohayo baridi inaposhuka, shofaji yako ya "wati 100" imekuwa ya wati 60 na kitu, na katoni haikukuambia.

Kisha umeme unakatika kabisa. Lita 100 za maji zikipoa digrii moja zimetoa watisaa 116. Ukigawa kwa ile hasara yetu, unaona kwamba akwariamu isiyofunikwa, yenye maji ya 26 ndani ya chumba cha 14, inapoteza digrii nne hivi katika masaa matano. Beseni dogo la lita 20 ni mbaya zaidi, kwa sababu maji ni kidogo na uso ni mkubwa: digrii sita katika muda uleule. Unganisha jioni ya balbu nyekundu na usiku wa giza, asubuhi unakuta 20 au chini ya 20 pale ulipoahidiwa 26.

Kuna jambo linaloniuma kidogo hapa, na niliseme. Tangu 1982 kuna laini ya umeme kutoka Inga mpaka Kolwezi, kilomita 1,700 hivi, mojawapo ya ndefu sana duniani, na inaishia hapa kwetu. Nzilo na Nseke, mabwawa ya Lualaba yaliyojengwa miaka ya 1950, ni majirani. Muntu wa nje akiangalia ramani atadhani Kolwezi ni mahali pa mwisho duniani ambapo mnyama anaweza kufa kwa kukosa wati 100. Umeme huo ulifuata shaba, na bado unafuata shaba. Mimi hapa sina namna ya kuubadilisha, ila muntu anayeandika mwongozo wa shofaji kwa watu wa Lualaba bila neno moja juu ya volti na masaa ya giza, huyo ameandikia mji mwingine.

Digrii 20 ni nini kwa mnyama? Kobe wa mashavu mekundu, yule mdogo wa kijani anayeuzwa karibu dunia nzima, asili yake ni bonde la Mississippi. Hana moto wake mwenyewe ndani ya mwili, anachukua joto la maji na jua. Mkubwa anakaa vizuri kwenye 24 hadi 26, mtoto anataka 26 hadi 28. Maji yakishuka chini ya 20 anapunguza kula, na chakula alichokula jana kinakaa tumboni bila kusagwa. Kwao, baridi kali inamlaza chini ya maji kwa miezi. Lakini 16, 17, 18 ni joto bovu kuliko yote: baridi sana kwa kusaga chakula, na bado joto kwa kulala. Hafi siku hiyo. Anadhoofika polepole, kisha unaona povu puani, anaogelea akiwa ameinama upande mmoja, mapafu yamekwisha kushikwa. Kijana mmoja wa Joli Site aliponieleza kwamba kobe wake "amekuwa mtulivu sana siku hizi", mimi sikufurahi.

Kwa kambale hesabu iko wazi zaidi, na mafranga yako wazi zaidi. Mayai yake kwenye maji ya 28 yanaanguliwa katika siku moja hivi. Kwenye 20 yanapita siku mbili, na katika muda huo wote kuvu nyeupe inakula yale yaliyokufa na kuhamia yale mazima. Dada mmoja wa promosho iliyonifuata alikuwa na mabeseni manne, dume na jike wa kununua, homoni ya kununua, na kanuni ya wati moja kwa lita moja. Huo ulikuwa mtaji wake wote, uliotoka kwa mjomba. Yeye hakukosea hesabu. Alihesabu vizuri sana kwa kanuni aliyopewa.

Watu wakisikia haya, jibu lao la kwanza ni: "Basi tununue ya wati 300." Wapi! Kwanza, umeme ukikatika, wati 300 na wati 50 ni sawasawa, zote ni sifuri. Pili, termostati ya shofaji za bei ndogo inaweza kukwama ikiwa imewaka. Ikikwama, shofaji ya 200 ndani ya beseni la lita 40 inapandisha maji digrii nne kwa saa. Ukienda kazini asubuhi, ukirudi jioni umekuta supu. Ndiyo maana mimi ninapendelea mbili ndogo kuliko moja kubwa: kwa lita 100, mbili za 75. Moja ikifa, nyingine inashikilia. Moja ikikwama, haina nguvu ya kupika akwariamu nzima haraka, unapata muda wa kuona.

Lakini kabla ya kutoa franka hata moja kwa shofaji ya pili, tafuta frigoliti. Ile nyeupe inayokuja ndani ya katoni za televisheni na friji, ambayo watu wanaitupa nyuma ya maduka. Sentimita mbili nyuma, kwenye pande mbili za kando na chini ya akwariamu, halafu kitu cha kufunika juu, na hasara ya joto inashuka karibu nusu. Ile akwariamu iliyokuwa inataka wati 120 sasa inataka 60 au 70. Masaa matano ya giza yanakula digrii mbili, si nne. Ajabu yake ni kwamba ukishafunika hivyo, kanuni ya wati moja kwa lita moja inaanza tena kuwa kweli hapa Kolwezi. Miongozo yote inaanza na wati. Mimi ningeanza na mfuniko. Kwa kobe, acha nafasi ya hewa, maana anapumua kwa mapafu kama wewe, na usiache hewa ya juu ya maji iwe baridi kama friji wakati maji yenyewe yana moto.

Na betri? Wati 100 kwa masaa 10 ni watisaa 1,000. Betri ya kawaida ya volti 12 na amperi-saa 100 ina 1,200 kwenye karatasi, na ukitaka iishi usiitoe zaidi ya nusu. Hiyo betri inayokuwashia taa, simu na televisheni jioni nzima, shofaji itaimaliza katikati ya usiku. Afadhali betri iendeshe kipampu kidogo cha hewa cha wati tano kwa vifaranga, ambao ukosefu wa oksijeni unawaua mbele ya baridi. Chupa za plastiki za lita tano zenye maji ya moto, zimefungwa vizuri na kuwekwa ndani ya maji, zinasaidia kuvuka masaa machache bila umeme. Si sayansi kubwa, lakini inafanya.

Sasa nifike kwenye kitu ambacho sitakipima kwa upole. Ni ile rezistansi ya kuchemshia maji ya kuoga, ile ya kutia ndani ya ndoo. Ni rahisi, iko sokoni kila mahali, na kuna watu wanaishauri kwa akwariamu: "unaweka dakika kumi tu, unatoa." Haina termostati. Ya wati 1,000 inapandisha lita 100 digrii nane na nusu kwa saa, na maji ya karibu nayo yanachemka wakati yale ya mbali bado ni baridi. Nyingi hazina waya wa ardhi. Ukitia mkono ndani ya maji kumtoa kobe, ni mkono wako uliobeba hatari. Zaidi ya hayo, bomba lake mara nyingi ni la shaba lililopakwa rangi ya kung'aa, na ile rangi ikichubuka, shaba inaingia majini. Mji huu unakula kwa shaba, lakini samaki mdogo hawezi nayo, hata kidogo sana, hasa kwenye maji laini yenye asidi. Tunaomba mito isipate shaba ya migodi, halafu tunaitia sisi wenyewe kwenye beseni.

Mbabula ya makala ndani ya chumba kilichofungwa, "ju ya kupasha vifaranga", sitaki hata kuijadili. Moshi usioonekana unamaliza familia. Kila baridi tunasikia.

Kuhusu aina za shofaji, mambo machache yanatosha. Ya kioo ni ya bei ndogo na inafaa kwa samaki. Kobe mkubwa anaivunja kwa gamba lake, kwa hiyo kwake chagua ile ya plastiki ngumu au ya titani, au ifunge ndani ya bomba la plastiki lenye matundu mengi. Usiamini namba iliyoandikwa kwenye kifundo cha termostati, weka kipima joto kingine upande wa mbali. Ilaze chini, karibu na mahali maji yanapotembea. Ichomoe kwenye umeme kabla ya kutoa maji, ngoja robo saa, maana ikiwaka nje ya maji kioo kinapasuka, na ukiirudisha imepasuka ndipo muntu anapigwa. Na kama mafundi wa nyumba yako wanaweza kukuwekea disjonkta ya miliamperi 30, ile inayokata yenyewe umeme ukitaka kupita mwilini, nunua hiyo kabla ya shofaji yenyewe. Katika miongozo niliyosoma, hii ya mwisho inakuja kwenye mstari wa chini kabisa, kama haipo.

Kwa wanaofikiria kambale au tilapia, nina swali ambalo linakuja mbele ya wati: mwezi gani? Katanga hii ndiyo mojawapo ya mahali ambapo ufugaji wa tilapia wa Afrika ulisomwa kwa mara ya kwanza kwa bidii, kwenye mabwawa ya Kipopo karibu na Lubumbashi, wakati ule Élisabethville, mwisho wa miaka ya 1940 na miaka ya 1950. Mabwawa yale yalikuwa nje, yanafuata hali ya hewa. Tilapia hazalishi vizuri maji yakiwa chini ya 20 au 22. Kambale mwenyewe, porini, anangoja mvua na maji yanayopanda. Anayezalisha kati ya mwezi wa kumi na wa tatu anapewa bure na anga digrii ambazo mwenzake wa mwezi wa saba anazinunua kwa wati, kwa jenereta na kwa usingizi. Mimi nashangaa kuona mradi wa kurasa kumi na tano, wenye jedwali la faida kwa rangi tatu, ambao unaanza kuangulia mwezi wa sita kwa sababu tu mkopo ulitoka mwezi wa tano. Hapo shofaji inaombwa irekebishe kalenda, na ya lita 100 haiwezi.

Anayetaka kobe aulize hivyohivyo: kobe gani? Lualaba ina wa kwake. Mmoja, Pelusios upembae, alielezwa kisayansi na Broadley mwaka 1981 na jina lake limetoka Upemba, kaskazini kwetu. Wa jamii yake wengi wanajifukia kwenye matope maji yakikauka na kungoja mvua. Hao hawahitaji shofaji, na kwa sababu hiyohiyo hawahitaji kutolewa walipo ili wakae kwenye kioo cha sebuleni.

Anayekuja kwenye kioo ni yule wa Mississippi, na huyo anahitaji zaidi ya maji ya moto: mahali pakavu pa kupanda, joto la digrii 30 na zaidi juu ya gamba, na miale ya jua ambayo kioo cha dirisha kinaizuia. Hapo Kolwezi inatupa zawadi, maana jua la saa sita mchana, mwezi wa saba, ni kali na halina bei. Mtoe nje ndani ya beseni pana lenye kivuli upande mmoja, lisaa moja au mawili, kaa karibu naye kwa sababu ya mbwa na kunguru, kisha nawa mikono kwa sabuni, maana kobe hubeba salmonela. Marekani ilikataza tangu 1975 kuuza wale wadogo wa chini ya sentimita 10 kwa sababu ya watoto waliokuwa wanaugua.

Huyu anaishi miaka 20, 30, na jike anafika urefu wa sahani kubwa. Lita 80 zinamtosha kwa muda mfupi tu, halafu ni 200, halafu zaidi, na hesabu yote ya juu inaanza upya kwa wati zaidi. Siku utakaposhindwa naye usimpeleke Nzilo wala Lualaba. Yuko kwenye orodha ya viumbe wavamizi 100 wabaya kuliko wote duniani, na Ulaya ilifunga mlango wa kumwingiza tangu 1997 baada ya watu kumtupa mitoni. Mtafutie mwenye bwawa lililozungushiwa ukuta, na umpe pamoja na shofaji zake mbili na frigoliti yake.